Kuzuia Mahindi Yasioze

Wekeni madaftari yenu karibu, lakini msiandike bado. Sikilizeni kwanza.

Leo twajifunza habari ya kuoza. Kila kitu kilichopata kuwa na uhai huoza: jani, mti, nyama, samaki, embe, punje ya hindi. Jiwe haliozi. Chuma hushika kutu, lakini hakiozi. Kwa nini?

Zamani watu wengi walidhani kwamba kitu huoza chenyewe tu, kama vile mtu anavyozeeka. Yapata mwaka 1860 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, jina lake Louis Pasteur, alionyesha kwamba sivyo. Alichemsha mchuzi ndani ya chupa yenye shingo ndefu iliyopindwa. Hewa iliweza kuingia, lakini vumbi liliishia penye pindo la shingo. Mchuzi ule ulikaa siku nyingi bila kuharibika. Shingo ya chupa ilipovunjwa na vumbi likaingia, mchuzi ukaharibika upesi. Basi katika vumbi lile mlikuwa na kitu chenye uhai.

Kitu hicho ni viumbe vidogo sana ambavyo macho yetu hayawezi kuviona. Vingine ni bakteria, na vingine ni kuvu, yaani ule ukungu tunaouona juu ya mkate wa juzi ukiwa umeshakuwa mwingi. Viumbe hivi vinakula. Kwa hiyo tukisema, "Chakula kimeoza," maana yake ni kwamba kimeliwa na mwingine kabla yetu.

Sasa fikirini. Kiumbe chenye uhai kinahitaji nini? Kinahitaji chakula, kinahitaji joto, na kinahitaji maji. Tukikinyima kimoja, hakiwezi kuzaana. Chakula hatuwezi kukinyima, maana chakula chenyewe ndicho tunachotaka kukihifadhi. Joto twaweza kulipunguza kwa jokofu, lakini ni nani kati yetu mwenye jokofu la kutosha magunia kumi? Yabaki maji. Hapo ndipo penye nguvu yetu.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa kazi ya mikono yao, ijapokuwa hawakuwa na habari za bakteria. Watu wa pwani hupasua papa, humtia chumvi na kumwanika, akawa ng'onda. Watu wa Ziwa Viktoria huanika dagaa. Wasukuma hukatakata viazi vitamu na kuvianika, vikawa michembe. Muhogo huwa makopa. Wawindaji walibanika nyama juu ya moto, wakaila baada ya majuma mengi. Kazi zote hizo ni kazi moja: kutoa maji. Hata chumvi hufanya hivyo hivyo, maana huyavuta maji kutoka katika nyama, na vijidudu vikibaki na kiu haviwezi kufanya kazi.

Habari ya samaki na chumvi tutaiacha leo. Nataka tuzungumze juu ya mahindi, kwa sababu samaki akioza hutuambia. Hunuka, na hata paka humkataa. Lakini mahindi hutudanganya.

Chukueni hindi lililokomaa shambani. Majani yamekauka na punje ni ngumu. Mkulima hulitazama na kusema, "Hili ni kavu." Kumbe bado limejaa maji. Mahindi yanayovunwa mara nyingi huwa na unyevu wa asilimia 20, na wakati mwingine hufika asilimia 25 au zaidi. Neno "unyevu" ni maji yaliyomo ndani ya kitu. Mwalimu ataliandika ubaoni: u-nye-vu. Mahindi ya kuweka ghalani yafaa yawe na unyevu wa asilimia 13 hivi, yasizidi 13 na nusu.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayotufumbua macho. Una kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 25. Maana yake katika kilo hizo 100 mna kilo 75 za hindi lenyewe na kilo 25 za maji. Ukiyaanika mpaka yafike asilimia 13, yatakuwa na uzito wa kilo 86 tu. Kilo 14 zimekwenda wapi? Zimekwenda hewani. Ni lita 14 za maji, karibu robo tatu ya ndoo ya lita 20! Mtu akikuambia umwage robo tatu ya ndoo ya maji ndani ya gunia lako kisha ulishone, utamwona ana wazimu. Lakini wengi wetu hufanya hivyo kila mwaka, kwa kuwa maji yenyewe yamejificha ndani ya punje.

Maji hayo hayakai bure. Hindi ni mbegu, na mbegu ni kitu hai kinachopumua. Ikiwa mbichi, hupumua sana, na katika kupumua hutoa joto na maji zaidi. Kuvu nayo huamka, hula, hupumua, na huongeza joto na maji mengine. Ukitia mkono katikati ya gunia la namna hiyo utasikia vuguvugu. Siku hiyo usingoje kesho. Mwaga mahindi yote nje.

Nimefika sasa kwenye jambo kubwa la somo letu. Kuna kuvu fulani ambayo hailiharibu hindi tu, bali huacha sumu ndani yake. Sumu hiyo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Tena neno hili liandikwe ubaoni: su-mu-ku-vu. Wataalamu huiita aflatoksini.

Ilianza kujulikana mwaka 1960 huko Uingereza. Mwaka ule batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache, na hakuna aliyejua ugonjwa wao. Baadaye ikaonekana kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoingia ukungu. Ndiyo maana nitataja na karanga leo: kuvu hii hupenda mahindi na karanga kuliko vyakula vingine vingi.

Lakini msifikiri kwamba ni habari ya batamzinga tu. Mwaka 2004 huko Kenya, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe, waliyoyalima kwa jasho lao. Nataka mwelewe jinsi ilivyotokea, maana hawakuwa watu wajinga wala wavivu. Kulikuwa na ukame, na mavuno yakawa haba. Penye njaa pana wizi, na watu wakaogopa kuibiwa kile kidogo walichopata. Kwa hiyo waliyaingiza mahindi ndani ya nyumba walimolala, badala ya kuyaweka ghalani. Mahindi yalikuwa hayajakauka. Ndani ya nyumba mna joto kuliko ghalani, tena mna unyevunyevu. Walikuwa wanayalinda na mwizi, na wakati huo kuvu imo ndani tayari.

Mwaka 2016 balaa hiyo ilitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 wakafa, na wengi wa wagonjwa walikuwa watoto. Macho yao yalikuwa ya manjano, matumbo yalivimba, wakatapika. Sumu hii hushika ini. Mtu akila nyingi kwa mara moja, huugua upesi namna hiyo. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi haugui leo wala kesho, lakini huweza kupata saratani ya ini, hasa kama ana homa ya ini ya aina ya B.

Tena sumukuvu haina ladha wala harufu ya kukuonya. Wala haifi kwa kupikwa. Maji ya ugali huchemka kwa joto la nyuzi 100, nayo sumu hii yahitaji joto kubwa zaidi sana kuliko hilo ili iharibike. Unaweza kuiua kuvu kwa moto, lakini sumu iliyokwisha kuiacha hubaki. Wengine huyaosha mahindi yaliyooza, wakayaanika tena yakapendeza, kisha wakayapeleka mashineni. Hiyo ni kazi ya bure, na ni ya hatari.

Mtauliza, yahitaji kiasi gani kudhuru? Sheria za nchi zetu za Afrika Mashariki zinakataza mahindi yenye zaidi ya sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja. Namba hiyo ni ngumu kuifikiri, basi nitaieleza hivi. Ni kama kuchukua gramu 10, yaani vijiko viwili na nusu vidogo vya sukari, na kuzitawanya katika magunia 10,000 ya kilo mia mia. Kiasi kidogo namna hiyo ndicho mpaka.

Siku moja nilikuwa nikifundisha mambo haya kijijini, na bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akanyosha mkono.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe wasema mahindi yenye ukungu tuyatupe. Nimekusikia. Sasa niambie, wajukuu zangu watakula nini?"

Nilimjibu kwamba anunue mengine. Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Mtu mwenye gunia moja lililooza hana fedha za kununua la pili. Basi leo nitalijibu swali la bibi yule vizuri zaidi.

Jibu ni kwamba sumu haikuenea sawasawa ndani ya gunia. Mara nyingi punje chache ndizo zenye sumu nyingi, na nyingine hazina kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusaga, mwageni mahindi juu ya ungo au mkeka penye mwanga mzuri, mkayachague kwa mkono. Ondoeni kila punje yenye ukungu wa kijani, wa manjano au wa kijivu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyopasuka na iliyotobolewa na wadudu. Halafu koboeni kabla ya kusaga, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini. Kazi hii hupunguza sumu sana, lakini haiimalizi. Kama gunia zima limeshikamana mabonge mabonge, hakuna cha kuchagua humo.

Punje mlizoziondoa msimpe kuku, wala pumba zake msimpe ng'ombe. Kuku hudhurika. Ng'ombe naye akila sumu, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto. Wala msizipikie pombe. Nazitaja pombe kwa sababu najua ndiko zinakokwenda! Zichomeni, au zifukieni.

Walakini, kuchagua ni dawa ya aliyekwisha kuchelewa. Tuangalie sasa kazi ya mapema.

Vuneni mara mahindi yanapokomaa na kukauka; msiyaache yakae shambani kungojea mvua nyingine. Yaliyoanguka chini yawekwe mbali na yaliyosimama, maana kuvu hii huishi katika udongo. Kwa sababu hiyo hiyo msianike juu ya ardhi tupu. Najua kila nyumba hufanya hivyo, na uwanja umefagiliwa vizuri. Lakini udongo una kuvu, tena una maji, na usiku maji hayo hupanda. Anikeni juu ya turubai, mkeka, au kichanja. Kichanja ni bora, kwa kuwa upepo hupita chini na juu, na mbuzi hafiki. Tandazeni punje ziwe na unene wa vidole viwili, mkazigeuze mara kwa mara mchana kutwa. Jua likikaribia kuchwa, au wingu likifunga, zikusanyeni na kuzifunika.

Mnapopukuchua, msiyatie mahindi ndani ya gunia na kulipiga kwa fimbo. Najua ni upesi. Lakini punje iliyopasuka ni kama nyumba isiyo na mlango. Pukuchueni kwa mkono au kwa mashine inayofaa.

Sasa twajuaje kwamba yamekauka? Wengi huuma punje kwa meno. Ikilia "ta!" husema imekauka. Meno ni kipimo, lakini meno ya babu si kama meno ya kijana. Kipo kipimo kizuri zaidi, nacho hakina gharama. Hapa shikeni kalamu.

Tafuteni chupa ya kioo yenye kifuniko, isiyo na rangi, iliyo kavu kabisa ndani. Chukueni chumvi ya kawaida, mkaianike juani au kuikaanga kidogo mpaka ikauke isishikane, kisha muiache ipoe. Tieni mahindi katika chupa mpaka theluthi moja. Ongezeni vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi. Fungeni, mkatikise kwa dakika moja. Wekeni chupa chini, mkangoje robo saa.

Kisha tazameni kioo. Kama chumvi imegandamana ubavuni mwa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Yarudisheni juani. Kama chumvi imeanguka yote chini na kioo ni safi, unyevu ni chini ya asilimia 15. Lakini angalieni: tulisema twataka asilimia 13. Chupa haiwezi kutuonyesha tofauti ya 14 na 13. Kwa hiyo mimi nashauri mahindi yakishafaulu mtihani wa chupa yapewe jua la siku moja zaidi, au mbili. Na mpimeni yaliyotoka pande mbalimbali za turubai, si yale ya juu tu yaliyopigwa na jua.

Yakitoka juani yakiwa na moto, yaacheni yapoe kivulini kabla ya kutia katika magunia. Mahindi yenye moto yakifungwa hutoa jasho.

Katika ghala, gunia lisikae sakafuni. Wekeni magogo au mbao chini yake. Wala lisiegemee ukuta, maana ukuta nao huvuta maji. Acheni nafasi ya mtu kupita. Tazameni dari wakati wa mvua. Tundu dogo la paa laweza kuozesha gunia zima.

Wadudu ni somo lao wenyewe. Itoshe kusema kwamba fukusi na dumuzi nao hupumua na kuleta joto na maji ndani ya gunia, na matundu yao ni milango ya kuvu. Dumuzi alitujia kutoka Amerika, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo ametutia hasara nyingi. Dawa ya ghalani itumike ile iliyoruhusiwa kwa nafaka tu, kwa kipimo kilichoandikwa. Sasa mwajua kusoma, basi someni karatasi yake kabla ya kufungua! Lakini dawa ya wadudu haiui kuvu. Kutia dawa katika mahindi mabichi hakuzuii kuoza.

Siku hizi iko pia mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na gunia la nje. Njia hii ilianza kutengenezwa miaka ya 1980 huko Kamerun kwa ajili ya kunde. Mfuko ukifungwa vizuri wadudu huimaliza hewa iliyomo wakafa, bila dawa yoyote. Ni kitu chema. Lakini nimeona watu wakitia humo mahindi yasiyokauka wakidhani mfuko utayakausha. Maji yatatokea wapi, na mfuko umefungwa? Baada ya miezi miwili hutoa kitu chenye harufu ya pombe.

Na wakulima wa karanga wasije wakasema hawakutajwa. Ng'oeni karanga kwa wakati, zigeuzeni matumba yatazame juu yakauke, wala msizilowanishe ili maganda yalainike wakati wa kumenya. Desturi hiyo ya kulowanisha ni ya zamani, nayo ndiyo inayoirudishia kuvu maji yake.

Huu ndio mwisho wa maelezo yangu. Kwa juma lijalo kila darasa lilete chupa moja, chumvi kavu, na mahindi kutoka nyumba tatu mbalimbali. Pimeni mbele ya mwalimu. Andikeni katika daftari jina la kila nyumba, mahindi yalianikwa siku ngapi, na kama chumvi iligandamana au haikugandamana. Nyumba ambayo chumvi imegandamana, nendeni jioni ile ile mkasaidie kuyatoa mahindi nje. Juma lijalo, saa kama ya leo, tutasoma habari ya chumvi na dagaa. Kwaherini.